Tunahesabu magugu yaliyokufa, yanayotushinda ni yaliyobaki

Katika makusanyo ya mimea iliyokaushwa ya Ulaya kuna karatasi nyingi zilizobandikwa nyasi ya Alopecurus myosuroides, gugu sumbufu la mashamba ya ngano. Watafiti wa Ufaransa walichunguza vinasaba vya vielelezo zaidi ya 700 vya nyasi hiyo, vilivyochumwa kati ya mwaka 1788 na 1975, wakakuta kimoja chenye badiliko la jeni linaloukinga mmea dhidi ya baadhi ya dawa za kisasa za magugu. Kielelezo hicho kilichumwa mwaka 1888. Dawa zenyewe ziliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970.

Ni vigumu kupata ushahidi mzuri zaidi wa kuivunja ile imani kwamba gugu likipigwa dawa mara nyingi huizoea. Gugu halizoei. Mmea uliopigwa dawa ama unakufa ama unapona, na unaopona unapona kwa sababu ya kitu ulichozaliwa nacho. Dawa haikukiumba kitu hicho. Ilikikuta, ikawaondoa washindani wake wote, ikakiachia mwanga, maji na mbolea ya msimu mzima. Hekta moja ya shamba inaweza kuficha mamilioni ya mbegu za magugu ardhini, na kila kizazi huja na makosa yake madogo ya kunakili vinasaba. Mengi ya makosa hayo hayana faida yoyote hadi siku mtu anapopita na bomba la dawa.

Tuchukue hesabu ya kufikirika. Shamba lina magugu milioni moja ya aina moja, na katika hayo moja tu ni sugu. Dawa inaua mengine yote. Mwaka unaofuata akiba ya mbegu ardhini inaotesha magugu mengine karibu milioni moja, na tuseme kila mmea sugu unaacha warithi kumi wanaofika kukomaa. Mwaka wa pili mimea sugu ni kumi, wa tatu mia moja, wa nne elfu moja. Hapo bado ni mmea mmoja katika kila elfu, na mwenye shamba ana kila sababu ya kuisifu dawa yake. Mwaka wa tano ni mmoja katika kila mia, wa sita mmoja katika kila kumi, na wa saba shamba zima limeshaondoka mikononi mwake. Ukimuuliza atakuambia dawa imegoma ghafla mwaka huu. Kwa kweli mambo yalianza mwaka ule wa kwanza alipotembea shambani akaridhika.

Hapo ndipo ninapotofautiana na namna suala hili linavyozungumzwa. Majaribio ya dawa, matangazo yake na ushauri unaoandamana nayo hupima mafanikio kwa asilimia ya magugu yaliyokufa: 90, 95, 99. Namba hiyo inaeleza vizuri mavuno ya msimu huu. Kuhusu misimu ijayo haisemi chochote, kwa sababu msimu ujao utazaliwa na ile asilimia moja. Tena kadiri dawa inavyoua vizuri ndivyo inavyoteua vizuri. Dawa dhaifu inabakiza magugu ya kila namna, yenye usugu na yasiyo nao, na mwaka unaofuata yanachanganyika. Dawa kali iliyorudiwa peke yake kwa miaka inabakiza ukoo mmoja tu.

Onyo lilitolewa mapema. Mwaka 1956 mwanaikolojia Mwingereza John Harper aliandika kwamba tutarajie magugu kupata usugu, kama wadudu walivyokwisha kufanya dhidi ya dawa zao. Mwaka uliofuata ziliripotiwa kesi za kwanza dhidi ya dawa ya 2,4-D, moja katika mashamba ya miwa ya Hawaii na nyingine ya karoti mwitu huko Ontario, Kanada. Hazikumshtua mtu. Kilichoshtua kidogo ni Senecio vulgaris, gugu la maua ya njano lililoonekana mwaka 1968 katika kitalu kimoja cha jimbo la Washington, Marekani, likistawi baada ya kupigwa simazini na atrazini, dawa ambazo kitalu hicho kilikuwa kimezitegemea kwa miaka kama kumi.

Kesi hiyo iliwapa wataalamu faraja ambayo baadaye iliwaponza. Atrazini huua kwa kujibana kwenye protini moja ndani ya kloroplasti na kukatiza usanisinuru. Katika gugu sugu, amino asidi moja tu ya protini hiyo ilikuwa imebadilika na dawa ikakosa pa kushika. Badiliko hilo lilikuwa na gharama, kwani usanisinuru wenyewe ulipungua nguvu, na mahali pasipo na dawa mmea sugu ulishindwa na wenzake wa kawaida. Isitoshe, jeni za kloroplasti kwa kawaida hurithiwa kwa mama, kwa hiyo usugu haukusafiri na chavua. Ikaonekana kwamba ukiacha kutumia dawa kwa muda, usugu utajifia wenyewe.

Kanuni hiyo ilikuwa kweli kwa atrazini. Kwa dawa zilizofuata haikuwa kweli. Badiliko lile la kielelezo cha 1888 liko kwenye jeni ya kiini cha seli, hivyo linasafiri kwa chavua na kwa mbegu, na watafiti walipolipima hawakuliona likiipunguzia nyasi uwezo wa kukua. Usugu usio na gharama hauna sababu ya kuondoka. Unaweza kuipumzisha dawa miaka kumi, ukairudisha, ukaukuta usugu pale pale ulipouacha.

Kisha zikaja dawa zinazozuia kimeng'enya cha kutengeneza amino asidi fulani ambazo mmea hauwezi kuishi bila hizo. Zilikuwa za ajabu kweli. Gramu chache zilitosha hekta nzima, mahali ambapo dawa za zamani zilihitaji kilo, na kwa binadamu sumu yake ilikuwa ndogo. Ya kwanza, klosulfuroni, iliingia sokoni Marekani mwaka 1982. Mwaka 1987 letusi mwitu iliyo sugu ilikwisha kupatikana katika shamba la ngano la Idaho. Miaka mitano tu! Sababu ni kwamba kimeng'enya hicho kinaweza kubadilika katika sehemu kadhaa, kikaikwepa dawa na bado kikafanya kazi yake bila kuyumba. Leo kundi hili la dawa ndilo lenye spishi nyingi zaidi za magugu sugu katika orodha ya kimataifa inayotunzwa na mtaalamu wa magugu Ian Heap, orodha ambayo kwa jumla imepita spishi 260 katika nchi zaidi ya 70.

Glaifoseti ilidhaniwa kuwa tofauti, na hapa inafaa tukae kidogo, maana walioamini hivyo walikuwa na hoja nzuri. Iligunduliwa kuwa dawa ya magugu mwaka 1970 na John Franz wa kampuni ya Monsanto, ikaanza kuuzwa mwaka 1974. Inazuia kimeng'enya kiitwacho EPSPS, ambacho karibu kila mmea unakihitaji, na muundo wake unafanana mno na kitu ambacho kimeng'enya hicho hukishika katika kazi yake ya kawaida. Kimeng'enya kikibadilika ili kuikataa dawa, kwa sehemu kubwa kinaharibu pia kazi yake. Miaka ikapita bila kesi hata moja. Mwaka 1997 wanasayansi wa Monsanto wenyewe walichapisha hoja kwamba usugu wa aina hii ungekuwa mgumu sana kutokea shambani.

Wakati huo nyasi ya Lolium rigidum iliyo sugu kwa glaifoseti ilikuwa imekwisha kupatikana Australia, mwaka 1996. Mwaka huo huo soya iliyobadilishwa jeni ili ivumilie glaifoseti ilianza kupandwa Marekani, ikafuatiwa na pamba na mahindi. Awali glaifoseti ilipigwa kabla ya kupanda, magugu mengine yakaja kung'olewa au kupigwa dawa nyingine baadaye. Sasa iliweza kupigwa juu ya zao lenyewe, msimu baada ya msimu, na jembe, trekta la kupalilia na dawa nyingine zote zikawekwa kando. Sidhani kama katika historia ya kilimo magugu yamewahi kupewa mtihani rahisi hivyo: swali moja, linalorudiwa kila mwaka, katika mamilioni ya hekta.

Jibu lilitoka pasipotarajiwa. Amaranthus palmeri ni ndugu wa mchicha, mrefu kumpita mtu, na mmea jike mmoja wenye nafasi unaweza kutoa mbegu laki kadhaa. Jimbo la Georgia, Marekani, lilithibitisha aina yake iliyo sugu katika mashamba ya pamba katikati ya miaka ya 2000. Watafiti walipotazama kimeng'enya chake, hakikuwa kimebadilika hata kidogo. Wanasayansi wa Monsanto hawakukosea kuhusu kimeng'enya. Mmea ulikuwa umezidisha nakala za jeni yake, mara 5 hadi zaidi ya mara 160 katika mimea iliyoripotiwa mwaka 2010, ukazalisha vimeng'enya vingi kiasi kwamba dawa iliisha kabla ya kuvizuia vyote. Mlango uliolindwa kwa makini haukuguswa.

Kuna njia nyingine zinazostaajabisha zaidi. Baadhi ya magugu huifungia glaifoseti katika vakuoli, yaani vifuko vya akiba ndani ya seli, ambamo haidhuru kitu. Katika aina moja ya gugu la Ambrosia trifida, majani yaliyopigwa dawa hufa upesi mno, ndani ya saa chache, na kwa kufa hivyo huizuia dawa isisafiri hadi mizizini na kwenye machipukizi. Mkulima anayepita kesho yake anaona majani makavu na kufurahi. Baada ya wiki chache mmea unachipua upya.

Lakini usugu unaonitia wasiwasi kuliko huo wote ni ule wa kumeng'enya dawa, na ndio unaosemwa kidogo zaidi, labda kwa kuwa hauna hadithi ya kuvutia. Jiulize kwanza kwa nini dawa ya magugu ya kwenye ngano haiui ngano, ilhali ngano nayo ni nyasi. Mara nyingi ni kwa sababu ngano ina vimeng'enya vinavyoivunjavunja dawa upesi kuliko inavyoweza kudhuru. Alopecurus myosuroides nayo ina vimeng'enya vya familia hizo hizo. Mimea yenye vimeng'enya vingi kidogo kuliko mingine hunusurika, huzaliana yenyewe kwa yenyewe, na watoto hupata nguvu ya baba na ya mama kwa pamoja. Usugu unapanda ngazi kwa ngazi. Katika miaka ya 1980 nyasi kama hiyo ilipatikana Peldon, katika kaunti ya Essex, Uingereza, na tangu hapo imeenea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba nyasi hiyo sugu inaigharimu Uingereza takriban pauni milioni 400 na tani 800,000 za ngano kila mwaka.

Ubaya wake ni kwamba kimeng'enya hakisomi lebo. Kinachovunja dawa ya leo kinaweza kuvunja dawa ya kundi jingine kabisa, hata ambayo shamba hilo halijawahi kuiona. Na dozi ndogo ndiyo shule ya usugu huu. Watafiti wa Australia waliipiga Lolium rigidum dawa ya diklofopi kwa kipimo pungufu, wakapanda mbegu za mimea iliyopona, wakarudia. Ndani ya vizazi vitatu walipata nyasi iliyohimili kipimo kamili. Anayepunguza dawa ili kubana matumizi, au kupiga magugu yaliyokwisha kuwa makubwa kuliko kipimo kinavyoruhusu, anafanya jaribio hilo hilo bila maabara.

Kwa hiyo ule ushauri wa kila siku, "badilisha dawa", una ukweli nusu. Kwanza, wengi hubadilisha jina la chupa tu. Dawa mbili za kampuni mbili zenye majina mawili na rangi mbili zinaweza kuwa zinapiga kimeng'enya kile kile, na kwa gugu hiyo ni dawa moja. Kinachopaswa kubadilika ni kundi la utendaji wa dawa, ambalo kwenye lebo nyingi huandikwa kwa namba. Pili, kuchanganya makundi mawili katika tangi moja, kila moja kwa kipimo kamili, kwa kawaida huchelewesha usugu vizuri kuliko kuyapokezanisha mwaka hadi mwaka, kwa kuwa mmea lazima uwe na makosa mawili ya bahati kwa wakati mmoja. Ushahidi wa mashamba ya Illinois, Marekani, uliunga mkono hilo kwa glaifoseti. Tatu, na hapa ndipo wauzaji wa michanganyiko hunyamaza, utafiti wa Uingereza juu ya Alopecurus ulionyesha kwamba mahali palipotumika michanganyiko, usugu mahususi wa kubadili kimeng'enya ulipungua na ule wa jumla wa kumeng'enya dawa ukachukua nafasi. Mchanganyiko ulibadilisha aina ya mshindi. Mashindano yenyewe hayakukoma.

Kuna wanaosubiri dawa mpya. Tangu miaka ya 1980 hadi karibuni ilipita zaidi ya miaka 30 bila kundi jipya kabisa la utendaji kuenea sokoni, kwa sababu kutafuta kunagharimu, vigezo vya usalama vimepanda, na glaifoseti ilikuwa imeua hamu ya kutafuta. Badala yake zililetwa soya na pamba zinazovumilia dikamba, dawa ya zamani. Mwaka 2017 mvuke wa dikamba uliharibu soya za majirani katika mamilioni ya ekari za Marekani, mahakama zikaingilia kati, na kabla vumbi halijatulia Amaranthus sugu kwa dikamba akathibitishwa Tennessee. Sishangai. Swali lilikuwa lile lile moja, limeandikwa kwa wino mwingine.

Nirudi kwenye mbegu, maana huko ndiko ninakoona kazi inayofanywa kidogo mno. Watafiti wa Arkansas waliweka mbegu 20,000 za Amaranthus sugu kwenye duara la mita moja ya mraba katika mashamba ya pamba, mwaka 2008, wakaacha glaifoseti iendelee kutumika peke yake. Idadi hiyo ni sehemu ndogo ya uzazi wa mmea jike mmoja. Ndani ya mwaka mmoja mbegu zilisafiri zaidi ya mita mia moja, na katika mwaka wa tatu magugu yalikuwa yamejaza mashamba hata pamba isivunike. Mmea mmoja ulioachwa kwa sababu "ni mmoja tu" ungetosha kwa yote hayo.

Waliolielewa hili mapema ni wakulima wa ngano wa Australia, pengine kwa kuwa usugu uliwabana mapema kuliko wengine. Waligundua kwamba Lolium rigidum hushikilia sehemu kubwa ya mbegu zake suke likiwa wima hadi siku ya mavuno. Mashine ya kuvunia huzikusanya pamoja na ngano, halafu huzitema tena shambani na makapi, yaani mkulima alikuwa akiyapanda magugu kwa mashine ya bei mbaya. Basi wengine wakaanza kukusanya makapi, wengine wakayalaza kwa mstari mwembamba na kuyachoma, na mkulima mmoja wa Australia Magharibi, Ray Harrington, akabuni mashine ya kuyasaga makapi ambayo huua takriban mbegu 95 katika kila 100 zinazopita ndani yake. Dawa bado wanatumia. Tofauti ni kwamba walionusurika na dawa hawaachiwi kurithi shamba.

Nisieleweke kwamba natetea jembe dhidi ya bomba. Palizi ya mkono nayo huteua. Katika mashamba ya mpunga ya Asia, vizazi vya wapalizi waling'oa kila nyasi isiyofanana na mpunga, na leo iko aina ya Echinochloa ambayo ikiwa changa inafanana na mche wa mpunga kwa kusimama kwake na rangi ya shina lake, hata mzoefu huipita. Utafiti wa vinasaba vya nyasi hiyo nchini China ulikadiria kwamba kufanana huko kulianza yapata miaka elfu moja iliyopita. Jicho la mpalizi lilikuwa dawa, na gugu likapata usugu dhidi ya jicho. Lilichukua karne nyingi kwa sababu palizi haikuwa njia pekee: palikuwa na maji ya kufurika, kupandikiza na mzunguko wa misimu.

Mkulima anayetaka kujua amefika wapi asihesabu yaliyokufa. Atembee wiki mbili au tatu baada ya kupiga dawa, kabla mabaki hayajatoa maua. Magugu yaliyopona yakiwa katika mistari iliyonyooka, kosa ni la bomba au nozeli iliyoziba. Aina zote zikiwa zimepona kila mahali, aitilie shaka dawa yenyewe, kipimo au mvua iliyonyesha mapema. Lakini aina moja ikiwa imesimama mzima mzima kando ya ndugu zake waliokauka, kwenye kiraka kile kile kilichokuwapo mwaka jana kikiwa kidogo zaidi, hiyo haiwezi kuelezwa na mvua. Kuirudia kwa dawa ile ile kwa kipimo kikubwa zaidi ni kuichuja upya. Ing'olewe na kutolewa shambani, na mashine isafishwe kabla ya kuingia shamba linalofuata.

Kazi hiyo inamchosha mmoja na kuwanufaisha wengi, na ndiyo sababu haifanyiki. Chavua ya Lolium na ya Amaranthus haijui mpaka wa shamba, na mbegu husafiri kwa maji, mifugo, samadi na mashine za kukodi. Anayelima shamba la kukodi la mwaka mmoja hana sababu ya kuokoa dawa ya mwaka wa saba. Muuzaji wa dawa naye hana. Kwa hiyo kumwachia mkulima mmoja mmoja lawama, kama ushauri mwingi unavyofanya, ni kukwepa swali. Huko Arkansas jumuiya za wakulima zilijaribu kukubaliana kwamba hakuna Amaranthus hata mmoja atakayeachwa atoe mbegu, pamoja na kwenye mitaro na kando ya barabara, mahali ambapo si pa mtu. Huko Georgia wakulima wengi wa pamba walirudi kuajiri watu wa kung'oa kwa mkono, baada ya miaka waliyouziwa wazo kwamba kazi hiyo imekwisha. Makubaliano ya aina ya Arkansas ni magumu kuyasimamia kuliko kuandika jina la dawa kwenye karatasi, na yangekuwa mepesi kidogo kama kila dawa mpya ingelazimika kueleza kwenye lebo yake, karibu na ile asilimia ya magugu inayoua, jambo la kufanya na yale ambayo haikuyaua.